Nazira, doti ya kanga na damu ya Yasmin

Saa moja na nusu asubuhi, benchi la nje ya zahanati limeshajaa. Nazira Hamido anavaa glovu, anaita jina la kwanza, anachoma kidole. Matone ya damu yanadondoka kwenye kigae cheupe, yanachanganywa na dawa, yanatikiswa taratibu. Yakishikana vipunje vipunje au yakibaki maji, kundi la damu limejulikana.

Hupima watu hadi arobaini kwa siku, peke yake, katika kijumba kinachotazamana na ghuba ya Tungue. Ana miaka arobaini na mmoja. Mwaka 2021 vita vilimvusha mto wa mpakani, Rovuma, akawa mkimbizi na wanawe watatu. Aliporudi alikuta chumba cha kupimia hakina hata kiti, akaanza upya na meza ya kuazima.

Mikono yake inasifiwa, lakini wanaomjua wanausifu zaidi ulimi wake.

Vibarua wengi wa huku siku hizi huning'iniza shingoni vitambulisho vilivyoandikwa kundi la damu. Wengine wamevigeuza kipimo cha ubaba. Wanavilinganisha na kadi za watoto wao, na visipolingana nyumba inawaka moto.

Tarique, mpishi wa kambi ya wafanyakazi, alikuwa mmoja wao. Mwaka jana bintiye Yasmin, wa miaka miwili, aliishiwa damu kwa malaria. Baba akakunja mkono wa shati ajitolee. Nazira akamzuia. Yeye ni A, mkewe Chamima ni B, na mtoto ni O. Hakuna kati yao aliyefaa kumwongezea damu.

"Damu yangu inamkataa, basi si wangu," Tarique alisema mbele ya watu. Mama yake, Bi Mwanaamina, akamwambia Chamima akafungashe vyake.

"Nimempakata mtoto anapumua kwa shida, na huku naachwa," anakumbuka Chamima. "Sikujua nilie kipi."

Nazira alikuwa akitafuta mwenye O kwa udi na uvumba. Akawachoma vidole wote waliokuwapo, akiwemo bibi aliyekuwa bado anafoka. Damu ya bibi haikushikana popote: ni O.

"Mama, mwenye damu ya kumfaa huyu mtoto ni wewe," akamwambia.

Bi Mwanaamina akanyoosha mkono.

Siku ya tatu Yasmin aliomba uji. Ndipo Nazira alipowakalisha wote, akatandika doti ya kanga, kipande kimoja juu ya kingine.

"Kila mtu ana vipande viwili, kimoja kapewa na mama, kingine na baba," alisema. "Wewe Tarique cha juu ni A, ndicho kilichoandikwa shingoni. Chini yake una O ya mama yako, maana yeye hana kingine cha kukupa. Na Chamima anaweza kuwa na B juu, O chini. Kila mmoja akimpa mtoto kile cha chini, anatoka O."

"Kwa hiyo dotora, damu imethibitisha ni wangu?"

"Haijathibitisha. Ila haimkani, nawe usimkane kwa kuisingizia."

Hakumrembea jibu, na hapo ndipo unapomheshimu mwanamke huyu. Tarique alimbeba binti yake hadi nyumbani, Chamima akiwa pembeni.

"Nilimtukana mwana wa watu kwa damu yangu mwenyewe," anasema Bi Mwanaamina, ambaye ameruhusu kisa hiki kiandikwe. "Nimemwomba radhi, na nitamwomba tena."

Sasa Nazira ameandika barua kwa waajiri. Anaomba nusu saa tu, siku vibarua wanapokabidhiwa vitambulisho, awaeleze kabla hawajafika kwao. Bado hajajibiwa, na ameshaandika ya pili.

Haraka ya nini? Anavua glovu.

"Kuna mama aliachwa kabla sijarudi hapa. Yeye B, mume A, mtoto O. Mtoto sasa ana miaka sita, na baba yake akipita njiani hamwitikii salamu. Nikimpima mama wa huyo bwana, huenda nikakuta yale yale. Huyo aliyeachwa sikumuwahi."