Mulango wa kobe wangu

Jamani, leo kobe amenitia haya mbele ya mama!

Siku tatu nimemujengea nyumba ya udongo ndani ya sanduku, na maganda ya miti nyuma yake, ifanane na pori. Hataki kuingia. Mama anacheka tu: "Munyama wa kula, unamujengea nyumba?"

Leo akainama, akatazama. Kicheko kikaisha.

"Mulango umeuelekeza barabarani. Ni vile Wazungu walitufanyia, walipotutoa porini wakatupanga kando ya barabara."

Akaigeuza nyumba mwenyewe, mulango ukatazama maganda.

Kobe akaingia palepale!

Nikapiga makofi. Mama akamuwekea jani la matembele mulangoni, polepole.

"Na mulango wetu wa kule porini ulitazama miti," akasema.

Mama zenu je, mulango wao ulitazama wapi?