Joha Achagua Blenda

Kabla mumewe hajapooza, Joha hakuwa na habari na vyombo vya umeme. Miaka kumi na minane aliwapikia madereva wa malori pale Mikumi kwa kuni na sufuria zilizobabuka, na wapo waliopita vibanda vyote vya barabara kuu wakaenda kuegesha kwake kwa ajili ya kisamvu chake cha nazi. Magoti yalipomshinda alirudi Zombo kwa mumewe Kondo, wakawa wanalima kunde na mpunga wao kidogo.

Kondo alianguka shambani wakati wa palizi. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, kikamfunga na ulimi. Walilala hospitali siku tisa. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja aitwaye Agnesi alimweka Joha kando.

"Mama, koo lake limelegea. Chakula kiwe laini, kama uji mzito hivi. Kisiwe na kipande hata kimoja, kitamkaba."

Joha aliitikia. Kati ya maneno yote hayo, lililomkaa kichwani ni lile la kipande.

Nyumbani alianza na kinu. Alitwanga viazi, akatwanga maharage, akayapitisha kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Kufikia siku ya nne vidole vyake, ambavyo tangu zamani vina baridi yabisi, vilikuwa havikunjiki. Na pamoja na taabu yote hiyo, Kondo alipaliwa na ganda la haragwe. Macho yalimtoka, midomo ikawa myeusi, Joha akampiga mgongoni huku analia mpaka ganda likatoka. Baadaye alimpigia simu binti yao Yusrah, aliye Morogoro, akamweleza. Yusrah akasema atatuma hela ya kifaa kimoja.

"Chagua mwenyewe, mama. Mambo ya jikoni unayajua wewe."

Basi Joha akapanda bodaboda hadi Mikumi, kwenye duka la kijana mmoja anayeitwa Elikana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nina mgonjwa hawezi kutafuna. Nataka kitu cha kulainisha chakula."

Elikana aliweka vitu viwili juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa presha kuka ya umeme, nzito, yenye mfuniko wa kukaza. "Hii, maharage yanalegea kabisa kwa muda mfupi. Ukiyaponda na mwiko yanakuwa rojo yenyewe, huongezi kitu." Cha pili kilikuwa blenda yenye jagi la kioo. "Hii inasaga mpaka punje huioni. Ila lazima utie maji, mama. Pakavu kisu hakizunguki."

Joha aliishika ile presha kuka, akaufungua mfuniko, akaufunga. Moyo wake ulikuwa huko. Aliona kwamba haragwe likitoka humo litabaki haragwe, na mtu akiletewa atajua anakula nini.

"Umeme wetu ni mdogo," alisema. "Jioni taa yenyewe inafifia."

"Hapo itakusumbua, inavuta sana. Blenda ni dakika mbili umemaliza."

"Na maganda? Hayawezi kubaki humu kwenye presha?"

Elikana alifikiri kidogo. "Yanaweza, mama. Siwezi kukudanganya."

Joha akauondoa mkono. "Nifungie blenda."

Siku ya kwanza alisaga wali, kunde na mchicha kwa pamoja. Ukatoka uji wa rangi ya tope. Kondo, aliyeujua mkono wa mwanamke huyu kwa miaka thelathini na moja, aliutazama, kisha akamtazama yeye, akavuta maneno kwa shida: "Si... chakula." Akafumba mdomo.

Kesho yake Joha alisaga kila kitu peke yake, akakitia kwenye kikombe chake. Kabla ya kila kijiko alimtangazia. "Huu wali, Baba Yusrah. Hizi kunde. Hiki sasa kisamvu, nimekitia nazi." Kondo akafungua mdomo. Akala siku hiyo, akala na zilizofuata, na baada ya wiki mbili jirani yao Lightness akasema mzee anarudi. Joha alianza kuamini. Kikohozi kilichokuwa kinamjia Kondo baada ya kula alikiona ni cha vumbi, na homa ilipopanda alidhani ni malaria.

Hospitali walisema ni mapafu. Agnesi aliuliza mgonjwa anakula nini, na Joha, kwa fahari kidogo, akatoa chupa yenye chakula cha mchana. Agnesi alichota kijiko, akakiinamisha. Kunde zikachuruzika zote.

"Mama, haya ni maji."

"Hayana kipande hata kimoja, mwanangu. Nimehakikisha."

"Najua. Lakini majimaji ndiyo yanayomponyoka, yanateremka mapafuni. Nilisema kama uji mzito." Agnesi alimwona anavyokaa chini polepole, akaongeza: "Usijilaumu. Kwa koo lile, hata kizito kingeweza kupita vibaya."

Joha alisikia, lakini maneno hayakumwingia. Alichokuwa anakiona ni mkono wake ukifungua na kufunga ule mfuniko, pale dukani.

Kondo alirudishwa Zombo na mpira wa kulishia puani. Kila baada ya saa tatu Joha anamsukumia maziwa au uji mwepesi kwa sindano kubwa, na mzee hajui hata ladha yake. Daktari alisema mpira huenda usitoke tena. Yusrah alipokuja alitaka wanunue ile presha kuka.

"Ya nini?" Joha alimuuliza. Blenda alimpa Lightness.

Kwake hapikwi tena. Harufu ya chakula ikiingia chumbani, Kondo hujaa mate asiyoweza kuyameza, akageukia ukutani. Kwa hiyo Joha hula kwa Lightness, nyuma ya nyumba, amesimama, haraka haraka, kisha anasukutua na kunawa ndipo arudi.

Juzi alikuwa anamfuta uso, Kondo akaushika mkono wake kwa ule mkono wake mzima. Aliusogeza kwenye tundu la pua lisilo na mpira, akaunusa kwa muda mrefu.

"Bizari," alisema. Neno lilitoka limenyooka, la kwanza kunyooka tangu aanguke.

Joha aliutoa mkono taratibu, akaenda uani kuunawa tena kwa sabuni.