Nyumba ya Mbao Niliyoifuata Elburgon

Mwenye nyumba wetu hapa Nakuru alipandisha kodi mara mbili kabla hata mvua ya masika haijaisha, ndipo mimi na mume wangu, Baba Wanja, tukaamua kutafuta pa kwetu. Mimi ni fundi cherehani, yeye ni mlinzi. Ploti za Nakuru hatuzigusi. Lakini tulisikia kwamba Elburgon, tangu viwanda vya mbao vifungwe, nyumba za wafanyakazi wa zamani zinauzwa kwa bei ya chini. Mtu wa kanisani akatuunganisha na Kariuki, aliyekuwa akiuza moja, tukaelewana bei kwa simu. Nikatumwa kuiona nyumba kabla hatujalipa.

Njoro nilibadilisha gari. Kuanzia hapo barabara inapanda, ngano upande huu, viazi upande ule, na baridi inakuingia vidoleni ukiwa bado unasifu mandhari.

Elburgon nilifika kabla ya saa sita. Ni mji wa mbao kwelikweli: maduka ya mbao, kanisa la mbao, hadi vyoo. Nilimuuliza kinyozi njia ya kwenda kwa Kariuki.

"Ile ya mbao za mtarakwa? Baba yake aliijenga na mabaki ya kiwandani, ubao baada ya ubao. Hapa mathe, usiulize nyumba ni ya nani, uliza nani alipasua mbao." Akacheka, akanielekeza.

Niliingia kwenye ua. Nyumba haikuwa na paa. Ukuta mmoja ulikuwa umelala chini, na wanaume wanne walikuwa wakipakia mbao kwenye lori. Kariuki mwenyewe alikuwa na nyundo, anang'oa misumari pole pole ili mbao zisipasuke.

"Mama Wanja? Nimekupigia tangu asubuhi, hushikiki."

"Kariuki, nyumba yangu iko wapi?"

"Wamenunua watu wa hoteli, kule Naivasha. Wanataka mbao za kitambo, wageni wapige picha."

Nilimuuliza wamelipa pesa ngapi. Aliponiambia, nilikaa juu ya jiwe. Mbao tupu zimeuzwa mara mbili ya bei tuliyoelewana ya nyumba na ploti yake!

"Lakini ploti bado iko," akasema bila aibu. "Bei ni ile ile tu tuliongea."

"Ile ya nyumba?"

"Ploti pia zimepanda, mathe."

Nilitaka kumpa maneno yake, lakini macho yakaangukia kochi lililowekwa nje, kando ya ua wa miti. Mama mzee alikuwa ameketi hapo amejifunga blanketi, anatazama ukuta wa pili ukishuka. Ni mamake Kariuki. Nilimwendea huku machozi yakinilenga.

"Shosho, pole sana. Wanakubomolea ukiangalia."

"Pole ya nini? Ni mimi nimewaita."

Nikaketi kando yake.

"Upepo wa msitu unapita kwa hizo mbao usiku kucha," akasema. "Unaziba na magazeti, unapata nyufa zingine. Nimelea watoto sita humo. Mmoja nilimzika, ni kifua. Wageni wa hoteli watawekewa hita. Wewe ungewekewa nini?"

Nikaficha vidole vyangu vya baridi kwapani.

"Uko na mtoto?" akaniuliza.

"Mmoja, shosho. Ana miaka minne."

Aligeuka akamtazama mwanawe. "Na huyu alikuwa anakuuzia," akasema. Kisha akaniambia atajengewa vyumba viwili vya mawe kwa binti yake, kwa pesa za hizo mbao, kabla ya baridi ya Julai, na akanipa chai, na sikuweza kuimaliza.

Kurudi, nilitazama dirishani njia nzima bila kuona kitu.

Nyumbani, Baba Wanja aliposikia alishika simu ampigie Kariuki amtukane. Nikamnyang'anya. Nilimwambia mama ya huyo mtu ametuonea huruma kuliko sisi tulivyojionea. Tulikuwa tumeuliza bei, upana wa ploti na umbali wa shule. Hakuna aliyekumbuka kuuliza waliolala humo walilala vipi.

Bado tunakaa nyumba ya kupanga. Tumeshaona nyumba zingine mbili, moja Dundori. Mwenye nyumba akianza kunitajia bei, mimi huomba kwanza kuongea na mke wake.