Vikombe Sitini vya Bi Shamsiya

Mastura binti Idarusi wa Makorora hakuanza na vikombe. Alianza na miguu ya maharusi. Kwa miaka kumi na minane aliwachora hina na piko, na wengine wao waliachika kabla rangi haijatoka, lakini hilo halikuwa kosa la maua yake. Magoti yalipoanza kumuuma kwa kuinamia nyayo za watu, akasema basi, sasa nitachora kitu cha kuweka mezani, tena kisichocheka kikitekenywa.

Akaangukia vikombe vya themosi, vile vya chuma vyenye kuta mbili na kifuniko, ambavyo siku hizi kila mwenye ofisi na asiye na ofisi hutembea navyo. Dukani huuzwa vitupu, vinang'aa tu. Mastura huvikwaruza kwa msasa, huvipaka rangi nyeupe mara mbili, kisha hutia rangi ya mafuta kwenye koni ya nailoni ileile aliyokuwa akichorea hina, na hapo mkono hujiendea wenyewe: asumini, vikuba vya maua, mikufu, majani yanayokimbizana hadi kwenye mdomo wa kikombe. Mwisho hupaka vanishi. Huvikausha kivulini, kila kimoja kimepachikwa kwenye kijiti chake, maana juani rangi hufura malengelenge. Kikombe chake ukikitia chai alfajiri, adhuhuri bado kinakuunguza ulimi.

Shida yake ilikuwa mahali. Alikuwa akifanyia kazi ukumbini, kwenye nyumba ya vyumba sita aliyopanga kimoja, na vanishi haijui kupiga hodi. Mwenye nyumba, Mzee Sele, alikuja siku moja amejiziba pua kwa ncha ya kanzu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mastura, wapangaji wangu wanalewa bila kunywa. Mwezi ukiandama, makopo haya nisiyaone."

"Nitayapeleka wapi, mzee wangu?"

"Kayapeleke kwa aliyekufundisha."

Basi akawa anatafuta fremu. Chumba kimoja tu chenye mlango wa kutazama barabara, chenye dirisha la kutolea harufu, na jina lake juu ya mlango. Alizunguka mji mzima hadi ndara zikalika upande. Ndipo Bi Shamsiya wa Raskazone alipomwita.

Bi Shamsiya alikuwa mjane mwenye nyumba kubwa, na kwenye ukuta wa ua wake palikuwa na fremu tatu, moja tupu. Tena alikuwa mchamungu. Ya moyoni anayajua Mola peke yake. Ya nje uliyajua mtaa mzima, kwa kuwa mwenyewe alihakikisha wanayajua. Akifunga Jumatatu, hadi dereva wa bajaji alipewa habari. Na akitoa sadaka kwa mkono wa kulia, kweli mkono wa kushoto haukujua, maana ulikuwa umeshika simu unapiga picha.

"Nataka sitini," alisema, hata maji ya kunywa hajamkaribisha mgeni. "Vya maulidi yangu ya Mfungo Sita, kila mwanamke aondoke na chake. Uniandikie Ayatul Kursi, izunguke kikombe chote. Na chini yake, kwa rangi ya dhahabu, 'Zawadi ya Hajjat Shamsiya.'"

Bi Shamsiya alikuwa amekwenda umra mara moja. Hija hajaenda. Mastura hakupanda hadi Raskazone kumsahihisha mtu.

"Bi Mkubwa," alisema taratibu, "kikombe kinawekwa chini, kinaoshwa, maji yake yanaishia karoni. Tungechora maua tu, yakawa ya heshima..."

"Maua wachorewe wanaokunywa kwa kiu. Wageni wangu wanakunywa kwa baraka. Wewe nifurahishe, ile fremu ya mwisho ni yako, ufunguo nakukabidhi mie kwa mkono wangu."

Jibu Mastura alikuwa nalo. Tangu chuo cha Kurani, hata meno ya utoto hayajamtoka, alifundishwa kwamba aya haishuki usawa wa miguu, wala haiguswi na asiye na udhu. Lakini macho yake yalikuwa dirishani, yanaitazama ile fremu. Akalimeza jibu kama kidonge cha malaria, akasema, "Inshallah."

Aliandika siku tisa, na kila herufi aliiandika na udhu. Udhu ukimtoka anainuka, anarudi, anainama tena, hadi visigino vikapasuka kwa maji. Alijipa moyo kwamba udhu wa mwandishi utawatosha na wanywaji. Maandishi yalitoka mazuri, hilo nani atalikana. Jina la Bi Shamsiya lilitoka kubwa kuliko aya, kwa sababu mwenye jina alikuja mwenyewe kuhakikisha.

Siku ya maulidi, baada ya Laasiri, wanawake walijaa sebuleni, mikeka ukuta kwa ukuta. Mastura alipewa nafasi karibu na mlango, penye viatu. Kasida zilipokwisha, Bi Shamsiya alisimama na kugawa vikombe, vimejaa maziwa ya tangawizi yaliyotoka jikoni yanachemka. Mashallah zikawa nyingi. Wengine walibusu kikombe, wengine walikipiga picha.

Saleha, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye ulimi wake hauna kifuniko, alikuwa wa kwanza kutaka kukiweka chake mkekani. Mkono ukamfia hewani.

"Ala! Jamani, si Kursi hii? Nitaiweka vipi kwenye mkeka tunaoukalia?"

Kila aliyekuwa anashusha kikombe akakipandisha. Na hapo ndipo masinia ya biriani yakaingia.

Kikombe kilikuwa mkono wa kulia, maana aya haishikwi kwa kushoto. Biriani nayo huliwa kwa kulia. Wanawake wakaduwaa, mkono umeinuliwa kama watoto wanaojua jibu darasani, na wali unapoa mbele yao.

"Kunyweni upesi, kisha mle!" alisema Bi Shamsiya.

"Yanatokota, Bi Shamsiya! Kikombe chako hiki hakipoi hadi kiyama!"

"Tena tukimaliza tukiweke wapi? Kichwani?"

"Kichwani ndipo pake, shoga, ukikiweza," alijibu Saleha. "Mie nataka kwenda msalani, nani atanishikia Kursi yangu?"

Kicheko kilianzia kona moja kikazunguka. Bi Shamsiya, kwa kutaka kukizima, akachukua kikombe cha mwisho akampelekea mkwewe Azza, binti mpole aliyeolewa mwaka jana, aliyekuwa amekaa kando na mikono yake ndani ya buibui. Tangu mwezi uliopita Bi Shamsiya alikuwa ameshautangazia mji kwamba Azza ana mimba. Hata jina alikuwa amechagua, Taimur.

"Pokea, mwanangu. Baraka kwa mjukuu wangu."

Azza hakutoa mikono. "Mama, niwie radhi."

"Pokea, watu wanatazama!"

"Siwezi kukigusa, Mama." Sauti ilimtoka kama uzi. "Sisali wiki hii."

Pale sebuleni hapakuwa na mwanamke aliyehitaji tafsiri ya siku asizosali mwanamke. Watu waliokuwa wakicheka wakaanza kutazama kucha zao. Ni Saleha tu aliyenong'ona, na mnong'ono wa Saleha husikika hadi bandarini: "Basi Taimur kaahirisha safari."

Bi Shamsiya aligeuka huku na huku, anamtafuta wa kumbebesha lawama. Macho yakatua mlangoni.

"Huyo! Huyo fundi wa Makorora! Mie nilimwambia maua, maua tu. Kaandika kwa akili zake, na shule hana!"

Nyuso sitini zikamgeukia Mastura. Jibu lilikuwa palepale kwenye ulimi, moto kuliko yale maziwa. Akaiona fremu. Akaona jina lake juu ya mlango. Akainamisha kichwa, akatandika shuka jeupe, akavikusanya vikombe kimoja kimoja, maziwa akiyarudisha sufuriani, huku wanawake wakishukuru kupata mkono wa kulia.

Nyumbani alivisugua kwa msasa juu ya kitambaa safi, vumbi akalifunga, akaenda kulitia baharini penye kina. Kila kikombe alichokisugua kilimtazama kama mwalimu wa chuoni. Siku ya nne Bi Shamsiya akapiga simu, sauti imelainika.

"Mastura mwanangu, fremu bado ipo. Alhamisi nina wageni walewale. Uje useme mbele yao kwamba lilikuwa kosa lako. Neno moja tu, ufunguo uchukue."

"Na aibu aliyoipata Azza niseme ilikuwa kosa la nani, Bi Mkubwa?"

"Ya Azza hayakuhusu."

Huko ukumbini Mzee Sele alikuwa anakohoa kwa makusudi.

"Kosa langu nitalisema," akajibu Mastura. "Nitasema nilijua haifai, nikanyamaza kwa tamaa ya fremu yako. Kisha nitasema wewe uliagiza nini, na jina lako ulilitaka kubwa kiasi gani. Yote kwa pamoja. Alhamisi saa ngapi?"

Simu ikakatwa. Fremu ikapewa muuza vocha.

Mwezi ulipoandama Mastura alifunga makopo yake akaenda Mwera, kwa kaka yake Yasini, aliyekuwa na banda la kukaushia nazi ziwe mbata. Mbali na mji, mbali na wateja, barabara yake mvua ikinyesha ni mto.

"Dada," alisema Yasini, "humu vanishi yako itashindwa. Mbata zangu zinanuka zaidi."

"Na ishindwe. Kwa mara ya kwanza nitafanya kazi bila mtu kujiziba pua kwa ajili yangu."

Wiki ya pili akaja mteja wa kwanza, mke wa mfuga kuku wa jirani, na kikombe chake kipya kwenye mfuko wa plastiki.

"Nimesikia wewe ndiye unayeandika vizuri. Niandikie Bismillah, dada, hapa mbele, kubwa."

Mastura akakipokea, akakigeuza, akakitafutia upande mzuri.

"Bismillah utaitamka mwenyewe kabla hujanywa, tena kila siku," alisema, na koni tayari imo mkononi. "Mie nakuchorea kuku."