Makaa ya Mtani

Asubuhi ya tamasha la mazingira pale Kibiti, mama yangu aliyang'oa mafiga yake matatu jikoni, akayatupa nyuma ya nyumba. Mshindi wa kupika angepewa jiko banifu, na yeye alishalihesabu kuwa lake. Moshi ulikuwa umemchosha macho. Nikamwambia mtu hakati mbeleko na mwana hajazaliwa.

"Huyu keshaanza kulia," akanijibu, akajitwika sufuria.

Uwanjani watoto walikokota magari ya chupa za plastiki. Watu wa delta walileta miche ya mikoko, na babu mmoja akawa anauliza kama itashika kwenye shamba lake la mihogo. Mimi nilikaa karibu na mama. Jiko la pili lilikuwa la jirani yetu, mwanamke wa milimani, mtani wake wa kuzaliwa, aliyekwisha kumuahidi kwamba akishindwa atamzomea hata matangani kwake.

Sharti lilikuwa moja: kila mpishi apewe mzigo sawa wa kuni, na atakayeivisha wali akabakiza kuni nyingi ndiye mshindi. Mama alibania kuni hizo mpaka nikaona aibu. Wali ukakauka maji vizuri, wa nazi, unanukia. Ikabaki kupalia, yaani kuweka makaa juu ya kifuniko. Na jikoni makaa hayakutosha.

Mama hakufikiri hata kidogo. Aliokota kigae, akaenda kwa mtani wake kama anavyokwenda kila siku nyumbani.

"Mtani, nipe makaa."

"Ombaomba wewe! Hata huku umenifuata?" Huku anasema, mkono umeshachota.

Mwamuzi, kijana mpole kutoka Dar, akaja mbio na kipaza sauti. Akatangaza kwamba wote wawili wametolewa, aliyeomba na aliyetoa.

"Mwanangu," mtani akamuuliza, "kwenu mtu akiomba moto ananyimwa?"

"Mama, haya ni mashindano."

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza moto."

Kijana akatazama kipaza sauti chake. Jiko akapewa mama mmoja wa Mtunda ambaye wali wake ulikuwa bado una kiini. Wa mama yangu ulipaliwa, ukaiva, ukaliwa na uwanja mzima. Mwamuzi alirudi na sahani mara ya pili, akaomba ukoko.

Njiani mama alitembea haraka, sufuria kichwani. Nilimhurumia sana, maana nilijua anawaza jiko tupu linalomsubiri na chakula cha jioni bado.

Tukakuta mlango wa jiko uko wazi. Mtani alikuwa ametutangulia. Mafiga yote matatu yalikuwa mahali pake, na yeye amechuchumaa anapuliza makaa aliyokuja nayo kwenye kigae.

"Nimeleta kabisa," akasema, "maana ungekuja tu."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Alipofuta machozi, akamuomba na chumvi.