Pijo la Kuku

Mume wangu Wakhungu alipostaafu ualimu mwaka wa 2004, alitaka Pijo 404, gari la ujana wake. Tukapata mawili. La Kitale liliwaka mara moja, likatuzungusha mjini bila kukohoa. La Kimilili halikuwa na injini, na kuku alikuwa akiatamia mayai kwenye kiti cha dereva.

Akanunua la kuku.

"Baba Derrick, umerogwa?" nikamwuliza.

"Hapa Kabuchai gari linalotembea ni la kijiji. Kila mgonjwa, kila jeneza, nitaamshwa mimi. Hili nitalitengeneza polepole, na hakuna atakayeliomba."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera. Kila jioni alishika usukani hapo uani, akasikiliza redio kwa amani.

Kisha jirani akafiwa. Wanaume wakaja na spana.

"Mwalimu, tunajua gari haliwaki. Tumekuja kuomba viti tu, wageni wa matanga wakalie."

Viti hivyo mpaka leo vinazunguka matanga ya watu. Wakhungu hushika usukani akiwa amekalia kreti ya soda. Nikimwambia lile la Kitale angalau lingekuwa likirudi nyumbani jioni, anaongeza sauti ya redio.