Baba Alikuwa Akinitazama Kwenye Televisheni ya Shule

Msomaji mwenzetu kutoka mkoa wa Lindi ameomba tumfichie jina. Msomeni mpaka mwisho ndipo mtoe maoni.

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi mambo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili, nauza vitenge sokoni Nachingwea. Visa vya wenzangu humu huwa nasoma vyote, tena mimi ndiye yule wa maoni makali, "achana naye dada, jitambue." Leo limenifika na sina la kujiambia.

Baba alituacha nikiwa na miaka sita. Sisi ni Wamwera, na kwetu zamani mwanaume akioa alihamia kwa wakwe, na mwenye sauti juu ya watoto alikuwa mjomba. Baba na mjomba walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Siku moja walitukanana mbele ya watu, mjomba akamwambia asikanyage tena uwanja wake. Baba akafunga godoro kwenye baiskeli akarudi kwao Chinongwe, huko Ruangwa. Hakuja tena, hata salamu hakutuma. Mama alikuwa akisema, "Baba yako yupo mwanangu, ana aibu tu," nami nikaamini.

Nilipofika darasa la sita, miaka ya elfu mbili mwanzoni, shule za wilaya yetu zilikuwa na televisheni yao ndogo. Chumba kimoja, kamera moja, mnara mfupi, na kila Alhamisi jioni watangazaji tulikuwa wanafunzi wenyewe: shule gani imeongoza mtihani, wazazi wa wapi wana kikao, kwaya ya nani inaimba. Mimi nilichaguliwa kusoma habari kwa sababu ya mdomo wangu, sikuwa na haya. Nyumba zenye televisheni zilikuwa chache, watu walijazana kwenye hoteli za chai ili watuone. Wote hao hawakunihusu. Nilikuwa namsomea baba. Kila nikimaliza nilichomekea, "Na ndugu zetu wa Chinongwe tunawasalimu," mwalimu akidhani ni uungwana.

Nikaendelea hivyo mpaka siku fundi wetu wa mitambo aliponicheka. "We mtoto, Chinongwe unamsalimia nani? Mawimbi yetu yanaishia hapo vilimani. Kule wanaona chenga tupu!" Nililia mpaka nikatapika. Nikaomba kutolewa kwenye habari, akawekwa mwingine. Nikajiambia, basi baba haji kwa sababu hajawahi kuniona. Angeniona angekuja. Wazo hilo ndilo lililonibeba miaka yote, hata mama alipofariki na yeye asitokee msibani.

Mwezi uliopita wapwa zake wamemleta kwangu. Amepata kiharusi, mkono wa kulia hauinuki. Dada yake aliyekuwa akimtunza amefariki, nao wanasema wamechoka. Majirani walipokuja kumjulia hali akaanza kujisifu, "Huyu binti yangu alikuwa anasoma habari. Kila Alhamisi nilikuwa namtazama." Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mbele yao, "Baba, usinidanganye utu uzima huu. Chinongwe haikufika ile."

Akanijibu taratibu, "Sikusema Chinongwe, mama. Ile siku umevunjika jino, umeziba mdomo kwa karatasi, mkono wa mwalimu ukatokea ukaishusha. Nilicheka, halafu nikalia."

Jamani, ni kweli. Ule mkono wenyewe nilikuwa nimeshausahau.

Wageni walipoondoka nikamtaka anieleze. Kumbe alisikia kwa watu kwamba nasoma habari, na kila Alhamisi alidandia lori mpaka Nachingwea, akakaa kwenye hoteli ya chai iliyotazamana na chumba chetu. "Ukimaliza nilikuwa nakuona unatoka, unapita pale mbele na mkoba wako, unanyoosha kwenu." Nikamuuliza, "Na wewe?" Akasema, "Namalizia chai." Eti alimwogopa mjomba.

Nikaenda kwa mjomba. Hakukataa. "Nilimfukuza, ndiyo. Nilimkataza uwanja wangu. Barabara sikumkataza, si yangu." Akaongeza kwamba mwanaume akizeeka ana kwao, arudi kwa wapwa zake, na nikimweka, yeye hatakanyaga kwangu mpaka afe. Mjomba ndiye aliyeninunulia sare za shule, ndiye aliyesimama kwenye harusi yangu. Namjua, akisema amesema.

Najua mtaandika "angalau alikupenda." Hiyo angalau ndiyo inayoniunguza. Baba asiyeniona nilishamsamehe zamani. Huyu aliniona, nikapita karibu yake, akaniacha niende, na nyumbani mama kutwa kucha akimtetea. Sasa namwogesha, namlisha uji, usiku nageukia ukutani nalia mume wangu asisikie.

Juzi nikamuuliza kama katika siku zote zile hakuwahi hata mara moja kunyanyuka kwenye kile kiti. Akasema, "Nilinyanyuka, mama. Nikatoka nikasimama mlangoni, nikasema leo liwalo na liwe. Ukaja, ukanitazama usoni, ukaniamkia shikamoo kama unavyomwamkia mzee yeyote wa njiani. Nikaitika marahaba. Ukapita. Nikarudi ndani."

Nimejitahidi kuikumbuka siku hiyo, siikumbuki kabisa. Wapwa zake wanakuja Jumapili kuchukua jibu langu. Nimrudishe Chinongwe, au nimweke nimpoteze mjomba? Ndugu zangu, nisaidieni mawazo, ingekuwa ni nyinyi mngefanya nini?